Penseli Laini za Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la chumba cha mchanganyo limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, karibu na kabati la aproni. Nimeweka ndoo. Tajiri ameahidi kuleta fundi. Tunamwita Tajiri kwa kuwa kiwanda ni chake, ingawa viatu vyake vimeshonwa mara nyingi kuliko vya mtu yeyote humu. Mwaka jana pia aliahidi.

Daftari hili ni wazo la Baba. Jana aliniandikia: "Siku hizi unaongea peke yako jikoni. Afadhali uandike. Majirani watasema nimekuambukiza kiharusi."

Kiharusi kilimnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Tangu hapo anazungumza kwa mkono wa kushoto, akiwa chali kitandani, karatasi juu ya kibao, nami nikishikilia kibao. Mkono wenyewe hauna nguvu. Kalamu ya wino ukiielekeza juu, wino unagoma. Mkaa tuliujaribu, ukachafua shuka na yeye akakohoa mpaka nikaogopa. Penseli ngumu za shule akizipitisha kwenye karatasi haziachi kitu. Ila penseli laini, zile nyeusi tiii tunazotengeneza wenyewe, zikigusa tu zinaandika. Mtu aliyechanganya penseli miaka thelathini, leo penseli ndiyo ulimi wake.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nyuzi za penseli hazikauki. Ndoo imejaa nusu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo kaja mkaguzi. Mtu mwembamba, mwavuli wake una tundu, anaongea kwa sauti ya chini kana kwamba ameingia kwa mgonjwa. Alisimama katikati ya chumba cha mchanganyo akatusomea Kanuni ya Malighafi Muhimu. Kwa kifupi ni hivi: kuna vitu vya ardhini ambavyo viwanda vya nchi haviwezi kuishi bila hivyo, na serikali haitaki tena vipatikane kwa bahati nasibu. Grafiti imo.

Na grafiti ndiyo sisi. Watu husema ndani ya penseli kuna risasi. Hakuna risasi. Kuna unga wa jiwe jeusi tunaouchanganya na udongo mweupe, tukauminya uwe nyuzi, tukazikausha na kuzichoma. Unga mweusi ukizidi, penseli inakuwa laini na nyeusi. Udongo ukizidi, inakuwa ngumu na iliyopauka. Kumbe unga huohuo ndio unaoingia kwenye betri. Kuanzia leo viwanda vya betri vinapewa kwanza, sisi wengine tunapimiwa mgao kila mwanzo wa mwezi. Kilichokuwa stoo akakipima, akatuachia kidogo, kingine akakifungia kwa waya na kubandika lakiri, muhuri wa nta wa serikali.

Fundi wa tanuri, ambaye hajawahi kukosa neno, alininong'oneza, "Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja mwenyeji augue."

Kabla hajafika getini tulishampa jina: Bwana Lakiri.

Tajiri akatukusanya. "Laini basi," akasema. "Tunatengeneza za shule tu, na udongo tunauongeza."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka betri zishibe."

Nyumbani nilifungua droo ya Baba. Zimebaki mbili na kipisi. Hii ninayoandikia ni mojawapo. Nikimaliza sentensi hii ninairudisha drooni.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa penseli ya shule. Weupe mtupu. Sijui kama mwakani nitaweza kusoma haya.

Nilimweleza Baba habari ya kanuni. Akafikiri, akaandika: "Chai haina sukari. Au sukari nayo imekuwa malighafi muhimu?"

Nikacheka mpaka kibao kikatikisika.

Jumatano, 13 Machi

Bwana Lakiri anakuja kila wiki kukagua lakiri yake. Leo mvua ilimfungia humu ndani, akabaki anautazama ukuta.

Ukuta wetu kila mgeni huuliza. Mchanganyo ukiiva, mchanganyaji anachovya dole gumba na kulipiga ukutani. Ndivyo tunavyopima weusi, hatuna kipimo kingine. Madole ya Baba yanaanzia mlangoni na kwenda safu kwa safu mpaka dirishani. Kuanzia dirishani ni yangu. Ukisogea unaweza kuona kovu la dole lake, pale mashine ilipomng'ata kabla sijazaliwa, likijirudia maelfu ya mara. Yangu ya wiki hii yamepauka kama majivu.

"Hili ni la nani?" akauliza.

"La baba yangu."

"Na hili?"

"La baba yangu. Mpaka dirishani ni yake, bwana mkaguzi, usijisumbue kuuliza."

Nilimjibu kwa ukali. Sikumkaribisha hata kiti. Mtu anayemnyima baba yangu maneno nimpe kiti cha nini?

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu amekuja. Mtaani wanamwita Betri tangu aajiriwe kule kiwanda kipya. Kaja na simu kubwa inayong'aa, zawadi ya Baba.

"Atabonyeza tu, dada. Hata kama ni herufi mojamoja."

Baba akajaribu. Kidole kinatetemeka, simu ikaandika vitu vya kwenye mnara wa Babeli. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Mara ya tatu akaisukuma pembeni na kufumba macho.

Tulikwenda kugombana jikoni, kwa sauti za chini, kama wezi.

"Dunia haiandiki kwa penseli tena," akaniambia.

"Baba anaandika."

"Kwa hiyo kosa langu mimi? Mimi nimeandika hiyo kanuni?"

"Inakulisha wewe."

Hilo neno halikustahili kutoka, maana dawa zote za Baba ananunua yeye. Lakini lilishatoka. Akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Simu ameiacha. Inaita, hakuna anayejua kuizima.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimemwaga ndoo mara mbili. Maji meusi kama kahawa, yameniharibia soksi.

Jumamosi, 23 Machi

Nimezunguka maduka yote ya vifaa vya shule. Ngumu tu, na nyingi ni zetu wenyewe. Nilipoijaribu moja juu ya kaunta, muuzaji akalalamika: "Siku hizi mnatengeneza penseli au misumari? Watoto wanatoboa karatasi."

Jumatatu, 25 Machi

Kimebaki kipisi peke yake. Baba ameanza kubana. Zamani alikuwa akiandika sentensi nzima, na matusi ya mpira juu yake. Sasa ni neno mojamoja. "Maji." "Dirisha." "Asante." Nilimwambia, andika tu Baba, usibane. Akaandika: "Akiba." Nikatoka nje nikalia karibu na pipa la maji. Mama alipofariki sikulia hivi, labda kwa sababu wakati ule Baba alikuwa na sauti ya kunibembeleza.

Alhamisi, 28 Machi

Kipisi kimefika ukubwa wa haragwe. Hakishikiki.

Ijumaa, 29 Machi

Baba hajaandika leo.

Jumamosi, 30 Machi

Baba hajaandika leo. Mvua usiku kucha.

Jumapili, 31 Machi

Amekula jiwe. Namsemesha, ananitazama, anatikisa kichwa, basi. Nauliza unataka hiki, anakataa. Unataka kile, anakataa. Mwisho anakubali chochote ili nisichoke. Nimegundua sikuwa nikimtunza peke yangu. Maneno yake yalikuwa yakinitunza na mimi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Jana mgao wa Aprili ulifika, magunia machache. Maagizo ya Tajiri: makopo matatu ya unga mweusi kwa saba ya udongo. Mgao wote uchanganywe leo, nyuzi zipate muda wa kukauka, penseli zifike shuleni kabla ya muhula. Nilianza alfajiri. Kichwa changu kilikuwa kitandani kwa Baba. Mikono ikafanya ilichojifunza utotoni, nilipokuwa nasimama juu ya kigoda kando yake: saba nyeusi, tatu nyeupe. Ilifanya hivyo kila mzunguko, asubuhi nzima, mpaka mgao ukaisha.

Hilo ni kosa la mikono. Linalofuata ni langu.

Nilichovya dole nikalipiga ukutani. Likatoka jeusi, jeusi kama la Baba. Mchanganyo ulikuwa bado mbichi. Ningeweza kuita watu tuongeze udongo. Nilisimama pale nikiliangalia lile dole, na moyo wangu ukafurahi. Nikafunika mashine nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 9 Aprili

Wiki nzima sikuandika, sikula vizuri, na sikumwambia mtu.

Leo fundi wa tanuri alifungua tanuri. Akachukua uzi mmoja, akajichora kiganjani kama kawaida yake. Mstari ukatoka mweusi. Akachora tena. Kisha akanitazama, akaenda kumwita Tajiri. Nyuzi zikishachomwa ni kama mkate, hazirudi kuwa unga.

Tajiri hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa juu ya gunia la udongo na kukunja mikono yake.

"Ulijua?"

"Nilijua kabla ya kuchoma."

"Ni kwa ajili ya mzee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akatuhesabia hasara. Mgao wa mwezi umeisha, penseli za shule hazipo, hizi laini shule hazizitaki, na oda ikikosekana safari hii wenye shule watatafuta kwingine. Akawaambia watu waende nyumbani mpaka atakapowaita. Walinipita mmoja mmoja wakichukua miavuli yao. Hakuna aliyenitukana. Wana watoto, wana kodi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Tajiri akachukua gazeti, akafungia fungu la zile nyuzi nyeusi.

"Mpelekee," akasema. "Kama kiwanda kimeuawa kwa ajili yake, angalau azitumie."

Nyumbani nilifunga uzi mmoja kwa kitambaa upate kushikika, nikamwekea mkononi. Mkono ulipogusa karatasi, mstari ukatokea. Macho yake yakang'aa kama ya mtoto. Akachora duara, akachora jingine. Halafu mkono ukasimama. Yeye ni mchanganyaji. Anaujua weusi huo na anajua unakula magunia mangapi.

Akaandika polepole: "Nani kakosa ili mimi nipate?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliuweka ule uzi juu ya kibao, akausukuma kwa upande wa kiganja mpaka ukanifikia mimi.

Jumatano, 10 Aprili

Baba hajaandika leo. Nyuzi ziko pale kando yake, anaweza kuzifikia. Hataki.

Alhamisi, 11 Aprili

Baba hajaandika. Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Nilikwenda kiwandani peke yangu kumwaga ndoo, maana hakuna mwingine wa kuimwaga. Nikamkuta Bwana Lakiri mlangoni, maji yanamtiririka kupitia lile tundu la mwavuli. Lakiri lazima ikaguliwe hata kama hakuna watu. Alikagua, kisha akabaki amesimama. Nikaona aibu, nikamvutia kiti.

"Nimesikia," akasema.

"Sawa. Niandikie kosa langu."

"Kosa la kuchanganya si langu kuandika. Mnaruhusiwa kuchanganya mtakavyo." Akavua miwani akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka. "Mzee anaendeleaje?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo siku tatu hizo. Nikamwambia kwamba hataki kuandika kwa kitu kilichowanyima wengine. Akatikisa kichwa taratibu, akatazama chini, akaiona ndoo.

"Kwa nini maji haya ni meusi?"

"Yanapita darini. Kule juu kuna vumbi la..."

Nikainamisha ndoo, nikaingiza mkono mpaka chini. Kulikuwa na tope laini, zito. Nikachovya dole, nikalipiga ukutani. Jeusi.

Bwana Lakiri alikuwa tayari anapekua begi lake. Sisi wote tuliisikia kanuni mpaka pale inapouma, yeye peke yake ndiye aliyeisoma mpaka mwisho. Karibu na kurasa za mwisho kuna kifungu: malighafi iliyokusanywa kutoka kwenye taka haihesabiwi katika mgao, na kila kiwanda kinahimizwa kuikusanya. Alinisomea mara mbili kwa ile sauti yake ya chini.

"Darini," akauliza, "kuna kiasi gani?"

"Bwana mkaguzi, kule juu kuna miaka yote ya baba yangu."

Jumapili, 14 Aprili

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jana nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikaomba radhi mlango kwa mlango. Wengine walinikaribisha, wengine walinisikilizia pale pale kizingitini. Leo asubuhi wamekuja wote, na fagio, na magunia, na vitambaa puani. Fundi wa tanuri kaja na ngazi ya jirani.

"Sijakusamehe," akaniambia. "Nimekuja kwa ajili ya vumbi."

Tulipandisha watu wawili darini. Mbao za dari zimefunikwa unga mnene kuliko godoro langu. Kila mwaka mashine ilitema vumbi, dari ikalishika, hakuna aliyepanda. Tukaufagia, tukauchuja kwa kitambaa, tukauosha kwenye mapipa. Uchafu ukaelea, weusi ukatuama chini. Tajiri alikuwa akikoroga mapipa mwenyewe, viatu vimevuliwa.

Karibu na adhuhuri ngazi ikalia. Nikageuka. Ni mdogo wangu, na shati lake jeupe la kazini.

"Sogea, dada. Wewe ni mnene, utatoboa dari."

Hatukuombana radhi. Alikaa kule juu mpaka mwisho, akashuka mweusi kuanzia nywele hadi kucha, meno tu ndiyo yanaonekana, vilevile alivyokuwa alipokuwa mdogo na Mama akimkimbiza na sabuni uani. Tulipokuwa tunanawa akaniambia bila kunitazama, "Simu ile nilinunua kwa sababu siwezi kukaa pale naye amenyamaza. Siwezi, dada. Wewe unaweza."

"Na mimi siwezi," nikamwambia. "Huwa nakaa tu."

Jumatano, 17 Aprili

Nimechanganya. Tatu nyeusi, saba nyeupe. Nilihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na fundi wa tanuri akinihesabia nyuma yangu kwa dharau. Unga wa darini umetosha oda nzima na umebaki. Nilipotaka kupiga dole, nikaona nafasi inayofuata ukutani, na mkono ukakataa. Nimeiacha wazi. Mchanganyo huu si wangu.

Jua lilitoka kidogo leo.

Alhamisi, 25 Aprili

Tanuri limefunguliwa. Fundi akajichora kiganjani: kijivu cha shule, sawasawa. Akachora na kwenye shavu langu.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, na safari hii alisema kweli, maana Bwana Lakiri alikuwa amesimama hapo na mwavuli wake, akitabasamu kwa haya. Hata yeye tukamchora.

Jumamosi, 27 Aprili

Penseli zilipakiwa jana. Leo mdogo wangu kaja mapema, tukamwinua Baba akae, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Nikampa penseli moja ya shule, ya ule unga. Akaigeuzageuza, akainusa.

"Ni vumbi lako, Baba," mdogo wangu akamwambia. "La darini. Nimelifagia mimi."

Baba akanitazama mimi. Sikuhitaji karatasi kujua anauliza nini.

"Hakuna aliyekosa," nikasema. "Penseli za shule zimekwenda zote. Watu wamerudi kazini."

Akatafuta kwa mkono mpaka akazipata zile nyuzi nyeusi kando ya mto, pale zilipolala siku zote hizi. Akachukua mmoja. Akaandika, tena sentensi nzima, bila kubana: "Chai yenu siku zote hizi imekuwa mbaya sana nilikosa tu pa kusemea."

Mdogo wangu alicheka kwanza. Mimi nililia kwanza, halafu nikacheka.

Nilikuwa nimekuja na tope kidogo la ule mchanganyo kwenye kifuniko cha chupa. Nikamweleza kwamba ukutani kuna nafasi nimemwachia, lakini mvua imerudi na hatuwezi kumtoa. Akachovya dole gumba la kushoto, lile lisilo na kovu, ambalo halijawahi kupiga ukuta hata mara moja. Akaangalia huku na huku atalipiga wapi. Shuka safi, hapana. Shati la mwanawe, akalifikiria. Mwisho akaliona daftari hili mapajani mwangu, limefunguliwa.

Hapa chini sitaandika kitu. Ni pake.